Kabla ya Kupimwa Hisia za Miguu

Ikiwa una kisukari na unahudhuria kliniki hapa Maua, usione haya mhudumu akikuomba uvue viatu na soksi. Anataka kujua kama nyayo zako bado zina hisia. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu neva, na mara nyingi miguu ndiyo hutangulia kufa ganzi. Mkulima wa miraa anaweza kukanyaga kisiki asubuhi asijue mpaka jioni, anapoona damu ndani ya gambuti. Kidonda kama hicho kikipuuzwa kinaweza kumfanya mtu akatwe mguu. Mwenye kisukari cha aina ya pili anafaa kupimwa mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka.

Siku ya kipimo, osha miguu kwa sabuni na uikaushe vizuri, hata katikati ya vidole. Baridi ya milima ya Nyambene, hasa Julai, hupunguza hisia, kwa hivyo njoo umevaa soksi. Usiote moto jikoni ili kupasha miguu joto! Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Kifaa chenyewe si sindano. Ni uzi wa nailoni kwenye mpini, ambao hupinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Husafishwa kila baada ya mgonjwa mmoja, na ukishapinda wenyewe haufai tena. Baada ya wagonjwa 10 hivi hupumzishwa saa 24, kwa sababu uzi uliochoka hupinda mapema na kuufanya mguu mzima uonekane una ganzi. Ni haki yako kuuliza kama umepumzishwa.

Mhudumu atakugusa kwanza mkononi ili ujue unavyohisi, kisha ufumbe macho. Hagusi penye sugu wala kidonda. Wakati mwingine atauliza, "Unahisi?" bila kukugusa kabisa. Usibahatishe ili kumfurahisha. "Sihisi" ni jibu zuri kama ndilo la kweli.

Wachache hupewa rufaa ya kipimo cha neva kwa umeme mdogo. Hicho hakihitaji kufunga kula, ila ngozi isipakwe mafuta wala losheni siku hiyo, na iwe na joto. Ukiwa umewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwambie daktari mapema.