Je, Wajua? Upepo Huling'oa Paa kwa Kulivuta Juu

Wengi hudhani kimbunga hulisukuma paa likaanguka. La, hulinyanyua! Upepo mkali ukipita juu ya nyumba hulivuta paa. Dirisha likivunjika, hewa inayoingia ndani hulisukuma kutoka chini. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne.

Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida kusini Agosti 1992, wakaguzi walikuta mbao za paa ambazo pini zake hazikugusa kenchi hata kidogo. Fundi alipiga, zikapita pembeni. Uzembe wa aina hiyo hausameheki. Sasa, katika nyumba mpya za huko, kenchi hufungwa ukutani kwa mikanda ya chuma, ukuta nao hushikwa na msingi, na madirisha ya pwani huwekewa vioo sugu au vifuniko imara.