Miembe na mikaratusi Mishamo: Pandeni Desemba, msisubiri Machi

Mche wa mwembe uliopandwa Machi hupendeza macho mwezi Aprili. Ifikapo Agosti, mara nyingi umebaki kijiti. Wakulima wengi hulaumu mbegu, mchwa au udongo, lakini kwa Mishamo, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, sababu kubwa ni kuchelewa kupanda.

Mvua za huku ni za msimu mmoja. Huanza Novemba na kukatika kati ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, kisha hufuata kiangazi cha takriban miezi sita. Miti mingi ya pori la miombo imekizoea: hupukutisha majani na hivyo kupunguza maji yanayopotea. Mwembe, mparachichi, mchungwa, mkaratusi na msindano hubaki na majani mwaka mzima, na kupitia vitundu vidogo vya majani hayo maji huendelea kutoka kama mvuke hata jua linapochoma.

Mche unapohamishwa, vinyweleo laini vinavyofyonza maji kwenye mizizi hukatika. Kwa wiki kadhaa majani hudai maji ambayo mizizi haina uwezo wa kuyaleta. Udongo ukiwa na unyevu, mizizi mipya huota na kwenda chini. Mche wa mwanzoni mwa Desemba unapata karibu miezi mitano ya kujijenga. Wa mwishoni mwa Machi unapata mwezi mmoja au zaidi kidogo, kisha unakabidhiwa kiangazi.

Katika nchi za baridi, miti isiyopukutisha majani huhamishwa mapema kabla ya majira ya baridi kali au baada yake, kwa sababu ardhi ikiganda mizizi haipati maji. Kanuni ni ileile: mizizi ishike kabla ardhi haijaacha kutoa maji.

Umoja wa Mataifa uliitenga Machi 21 kuwa Siku ya Misitu Duniani mwaka 2012. Ni siku nzuri ya kuhamasishana, ila kwa Katavi ni vyema tuitumie kukagua na kupalilia miche iliyokwisha kupandwa.

Usidanganywe na mvua ya kwanza

Mvua za Novemba zinaweza kunyesha siku tatu, kisha likawaka jua kali. Kabla ya kupanda, chimba uone: udongo uwe umelowa hadi kina cha sentimita 30 hivi. Kwa kawaida hali hiyo hufikiwa Desemba, na dirisha zuri hufungwa katikati ya Januari.

Tatizo ni kwamba Desemba hiyohiyo mahindi na tumbaku vinadai nguvu zote za kaya. Ndiyo maana kazi ya mashimo ifanyike Septemba na Oktoba, mashamba yakiwa yamepumzika. Kwa miti ya matunda, shimo la sentimita 60 kwa 60 linatosha. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na samadi iliyooza. Mvua ikishika, kilichobaki ni kazi ya jioni moja.

Kiriba kitoke, mizizi ikaguliwe

Mwagilia mche kwanza, kisha chana kiriba kwa wembe. Tazama sehemu ya chini: mizizi iliyojizungusha ikatwe, la sivyo itaendelea kujizungusha ardhini na mti utadumaa au kuangushwa na upepo. Panda jioni au siku ya mawingu, shina lisizame kuliko lilivyokuwa kitaluni, kisha shindilia udongo kwa mguu. Tandaza nyasi kuzunguka mche, ukiacha upana wa kiganja kutoka kwenye shina ili mchwa wasipate daraja. Mikaratusi ikae mbali na vyanzo vya maji.

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Tangu hapo pori limekatwa kwa mashamba, kuni na ukaushaji wa tumbaku ya mvuke. Kila mche unaokufa unaacha mzigo huo palepale porini. Basi kitalu kiandaliwe Juni, mashimo yachimbwe Septemba, na Desemba, udongo ukishalowa, miche iingie ardhini.