Je, Wajua? Lugha Hurudi kwa Mlango wa Jikoni

Je, wajua kwamba Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walipoteza lugha yao kwa njia ya mahari? Walikuwa wawindaji na warina asali, na kijana aliyeposa alipeleka mizinga ya nyuki. Mwanzoni mwa karne ya 20 binti zao wakaanza kuolewa na majirani wafugaji wanaosema Kimaa, ambao walilipa mifugo. Baba aliyekwisha kupokea ng'ombe kwa binti mmoja hakutaka tena mizinga kwa wa pili. Basi kijana wa Kiyaaku akalazimika kutafuta mifugo, na mifugo ikaja pamoja na maisha ya wenyewe na lugha yao. Kufikia miaka ya 1930 watoto walikuwa wakilelewa kwa Kimaa. Haikuhitajika sheria ya kukipiga marufuku Kiyaaku. Baadhi ya maneno yaliyosalia katika Kimaa chao ni ya nyuki na asali.

Je, wajua kwamba uchache wa wasemaji peke yake hauui lugha? Kihadza, huko karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, kina wasemaji wapatao 1,000 tu, lakini watoto wa Kihadzabe bado wanakua nacho. Ziko lugha zenye wasemaji mara mia zaidi ambazo wajukuu hawazijui.

Je, wajua kwamba kaulimbiu ya taifa la Afrika Kusini imeandikwa kwa lugha isiyo na msemaji hata mmoja? Ni Ki|Xam, lugha ya Wasani, iliyoingia kwenye nembo ya taifa tarehe 27 Aprili 2000. Tunaijua kwa sababu katika miaka ya 1870 Wilhelm Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd waliwatoa wafungwa wa Ki|Xam katika gereza la Breakwater, Cape Town, wakaishi nao nyumbani kwao na kuandika masimulizi yao neno kwa neno, takriban kurasa 12,000. Mmoja wa wasimulizi hao, ||Kabbo, alikubali kukaa hata baada ya kifungo chake kwisha, kwa kuwa alitaka hadithi za watu wake zijulikane kwa vitabu. Namheshimu sana mzee huyu. Alipoteza uhuru, kisha akautoa muda wake kwa hiari ili sisi tusikie.

Je, wajua kwamba ndugu wa lugha hiyo, N|uu, yenye vidoko vingi ajabu, ilidhaniwa imekwisha hadi wazee wachache walipojitokeza katika miaka ya 1990? Mmoja wa wasemaji wake wa mwisho, Bibi Katrina Esau, aliwakusanya watoto nyumbani kwake Upington akawafundisha. Mwaka 2014 alipewa nishani ya taifa.

Je, wajua kwamba Kihawaii kilikuwa na magazeti zaidi ya 100, la kwanza likitoka mwaka 1834? Wahawaii walikuwa wasomaji wakubwa. Kisha malkia wao, Liliʻuokalani, akapinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1896 sheria ikaamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia mashuleni. Gazeti la mwisho lilifungwa 1948. Kufikia miaka ya 1980 watoto waliokisema walikuwa wachache mno, wengi wao katika kisiwa kidogo cha Niʻihau.

Je, wajua waliovunja ukimya huo ni nani? Wazazi na walimu wachache. Mwaka 1984 walifungua kituo cha malezi ya watoto wadogo kisiwani Kauaʻi, ambako mtoto alisikia Kihawaii tu tangu anapovua viatu mlangoni. Kizuizi cha kisheria kiliondolewa mwaka 1986, miaka miwili baadaye! Mmoja wa waanzilishi, Profesa Larry Kimura, aliombwa mwaka 2019 alipe jina shimo jeusi la kwanza kupigwa picha angani. Akaliita Pōwehi.

Je, wajua kwamba mfano huo Wahawaii waliuchukua kwa Wamaori wa New Zealand? Mwaka 1972 vijana walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000 wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Kituo cha kwanza cha malezi kwa Kimaori kilifunguliwa Aprili 1982. Walimu wake hawakuhitaji vyeti: walikuwa mabibi na mababu wanaoimba, wanaolisha, wanaokaripia na kubembeleza. Kimaori kilifanywa lugha rasmi mwaka 1987, watoto hao wakiwa tayari wanapiga gumzo.

Je, wajua kwamba Ned Maddrell, mvuvi aliyefariki mwaka 1974 akiwa msemaji wa asili wa mwisho wa Kimanx katika Kisiwa cha Man, alikijua kwa sababu alilelewa kwa ndugu zake, kwenye nyumba yenye bibi mmoja asiyejua Kiingereza? Mwaka 2009 UNESCO ilipotangaza kwamba Kimanx kimekufa, wanafunzi wa shule ya msingi inayofundisha kwa lugha hiyo waliiandikia barua kuuliza: kama imekufa, tunawaandikia kwa lugha gani? UNESCO ikabadilisha tangazo lake.

Na sisi je? Kwa lugha nyingi ndogo za Tanzania, inayozimeza ni Kiswahili hiki hiki ninachoandikia, wala si Kiingereza. Nakipenda kwa moyo wote, na bado naliona hilo. Wajukuu wengi wa Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam, hawana Kizaramo.

Je, wajua kwamba hata ndani ya ukoo wa Kiswahili kuna mgonjwa? Chimwiini cha mji wa Barawa, Somalia, kilikuwa na washairi wakubwa, akiwemo Dada Masiti, ambaye tenzi zake za dini bado zinakumbukwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1991 viliwatawanya wasemaji wake hadi Mombasa, Uingereza na Marekani. Kamusi ipo, na diwani nene ya tenzi zao ilichapishwa 2018. Lakini mtoto aliyezaliwa London, nani atamuuliza kwa Chimwiini kama ameshiba?

Je, wajua kwamba tangu miaka ya 1990 wenyeji wa asili wa California wamekuwa wakimuunganisha mzee mmoja anayejua lugha na mtu mzima mmoja anayeitaka? Hawakai darasani. Wanapika, wanafua, wanaendesha gari, na Kiingereza hakiruhusiwi.

Je, wajua kwamba pengo gumu kuliko yote ni kizazi cha kati, wazazi wenyewe? Wasami wa Inari, Finland, ambao lugha yao ina wasemaji mia chache, walilikabili hilo mwaka 2009. Watu wazima 17 walitenga mwaka mzima kujifunza, kisha wakapelekwa kwa wazee: kupika nao, kuvua samaki, kusikiliza. Wengi wao wakageuka walimu, walezi wa watoto na waandishi wa habari wa lugha hiyo, na baadhi huongea nayo na watoto wao nyumbani.