Kulinganisha Maandishi ni Kazi ya Mashine

Tuchukue mkataba wa pango wa kurasa kumi. Rasimu ya kwanza inasema: "Mpangaji hatalipa ukarabati wa paa." Rasimu ya pili, iliyorudi baada ya wiki moja, inasema: "Mpangaji atalipa ukarabati wa paa." Imeondoka herufi moja tu, na gharama yote imehama kutoka kwa mwenye nyumba hadi kwa mpangaji. Msomaji makini anaweza kuzipitia kurasa hizo mara mbili asiione tofauti hiyo, kwa kuwa mtu anayeijua hati husoma kile anachotarajia kukikuta. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kutafuta mahali ambapo maandishi mawili yamepishana iondolewe kwenye macho na ipewe mashine. Macho yabaki na kazi iliyo kubwa zaidi, ya kupima kama tofauti iliyopatikana inakubalika.

Programu inayoifanya kazi hiyo inaitwa diff. Ilitengenezwa katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, nchini Marekani, na Douglas McIlroy ndiye aliyeiandika kama ilivyotoka na toleo la tano la mfumo wa Unix mwaka 1974. Leo imo katika kompyuta nyingi za Linux na za Mac bila malipo yoyote. Mtumiaji hufungua dirisha la amri, huandika neno diff likifuatwa na majina ya faili mbili, kisha hubonyeza kitufe cha Enter. Faili zikiwa sawa, programu hunyamaza. Zikitofautiana, huonyesha mistari iliyoguswa peke yake: ya faili ya kwanza hutanguliwa na alama <, ya faili ya pili na alama >. Juu yake huwekwa nambari za mistari pamoja na herufi a kwa kilichoongezwa, d kwa kilichofutwa, au c kwa kilichobadilishwa. Ikiwa kifungu chetu kiko mstari wa 87 na hakuna kingine kilichoguswa, jibu zima ni hili:

87c87
< Mpangaji hatalipa ukarabati wa paa.
---
> Mpangaji atalipa ukarabati wa paa.

Anayeona jibu fupi hivyo anaweza kudhani kazi yenyewe ni nyepesi. Unix ilikuwa tayari na programu ya cmp, ambayo hulinganisha faili mbili baiti kwa baiti, hutaja mahali pa tofauti ya kwanza na kukoma hapo. Ukiongeza mstari mmoja mwanzoni mwa hati, cmp haina la kukusaidia, maana kila kitu kimesogea. Ni sawa na foleni aliyoingia mtu mmoja mbele: nambari ya kila mtu imebadilika, lakini nani anamfuata nani hakujabadilika. Diff hutafuta huo ufuatano. Hupekua mfululizo mrefu kuliko yote wa mistari iliyomo katika faili zote mbili kwa mpangilio uleule, na chochote kinachobaki nje ya mfululizo huo ndicho tofauti. James Hunt na McIlroy walieleza hesabu hiyo katika ripoti ya mwaka 1976. Ugumu wao ulikuwa kuiingiza katika kompyuta za wakati ule zilizokuwa na kumbukumbu finyu, wakaupunguza kwa kugeuza kila mstari kuwa namba, ili mashine ilinganishe namba badala ya sentensi. Mwaka 1986 Eugene Myers alitoa njia ya haraka zaidi pale ambapo tofauti ni chache, na Git, mfumo ambao waandishi wengi wa programu hutunzia kazi zao, huitumia njia hiyo hadi leo.

Pingamizi zito ni kwamba mashine haielewi maana. Hilo ni kweli kabisa: kwa diff, koma iliyohama na kanusho lililofutwa vina uzito mmoja. Lakini tazama yaliyotokea Novemba 2003 kwa Linux. Mtu asiyejulikana aliingia katika nakala moja ya msimbo wake na kupachika mistari miwili. Ilionekana kama ukaguzi wa kawaida wa makosa, ila palipotakiwa alama mbili za sawasawa, ambazo huuliza kama vitu viwili ni sawa, iliwekwa moja, ambayo hutoa amri. Aliyejua siri hiyo angeweza kujipatia mamlaka yote ya kompyuta. Jaribio lilikamatwa upesi kwa sababu nakala ile haikulingana tena na hazina kuu ya msimbo. Mashine haikujua lolote kuhusu hila. Ilichofanya ni kuwaonyesha wataalamu mahali pa kutazama, nao wakaisoma mistari ile na kuielewa. Msimbo ule ulikuwa na mamilioni ya mistari. Nani angeusoma wote kwa jicho?

Pingamizi la pili linatoka kwa waliojaribu wakachoka: diff hupiga kelele nyingi. Faili iliyohifadhiwa kwenye Windows humaliza mistari yake kwa alama tofauti na ile ya Linux, hivyo hati nzima yaweza kuonekana imebadilika hali haijaguswa neno. Aya iliyoandikwa kama mstari mmoja mrefu nayo hurudishwa nzima kwa sababu ya herufi moja. Kelele hizi zina dawa. Chaguo -w huiambia programu isijali nafasi tupu, na amri ya wdiff hulinganisha neno kwa neno. Kwa orodha za majina, ambazo mpangilio wake hauna maana, zipange kwanza kwa amri ya sort, kisha tumia comm. Itakupa safu tatu: waliomo katika orodha ya kwanza tu, waliomo katika ya pili tu, na waliomo katika zote. Katibu wa chama cha ushirika anayelinganisha daftari la wanachama la mwaka jana na la mwaka huu hahitaji zaidi ya hapo.

Wapo watakaosema kwamba dirisha la amri ni la mafundi, na kwamba Microsoft Word ina kitufe cha kulinganisha nyaraka. Kitumike, kwa kuwa kinafanya kazi ileile. Hata hivyo, amri yenyewe ni maneno matatu, Windows ina ya kwake iitwayo fc, na hakuna leseni ya kununua. Faili za Word hazifai kupewa diff moja kwa moja. Hifadhi nakala yake kama maandishi matupu kwanza. Kinachoshinda zana zote hizi ni karatasi iliyopigwa picha, maana hapo pana picha ya maneno tu. Kwa hiyo, ukiletewa rasimu mpya ya mkataba, ya katiba ya chama au ya kanuni za shule, omba faili yenyewe, ilinganishe na ile uliyokuwa nayo, na usitie sahihi kabla hujasoma kila mstari uliobadilika.