Kilichosikika na Kilichonukuliwa: Taarifa za Masafa katika Hazina za Wasikilizaji wa Skana

Redio skana ni kipokezi kinachoyapitia masafa mengi kwa kasi na kusimama pale panaposikika sauti. Redio ya kawaida humfikia msikilizaji ikiwa na jina la kituo na ratiba ya vipindi. Skana, kwa upande wake, hunasa mazungumzo ya watu ambao hawana haja ya kujitambulisha kwa mgeni: wazimamoto, marubani, wahudumu wa magari ya wagonjwa, mafundi wa reli. Nchini Marekani, ambako uraibu huu umeenea mno, wasikilizaji wamejijengea hazina ya data iitwayo RadioReference, iliyopangwa kwa majimbo na kaunti. Msikilizaji yeyote aliyejiandikisha anaweza kuwasilisha alichonasa, nao wasimamizi wa kujitolea hukipima kabla ya kukiingiza. Makala haya yananuia kubainisha ni nini hasa hulifanya wasilisho la aina hiyo liaminike.

Mzizi wa suala lenyewe umo katika kitenzi *kusikia*. Katika Kiswahili, kitenzi hiki hubeba mizigo miwili. Asemaye "nilisikia king'ora" anatoa ushahidi wa sikio lake. Asemaye "nasikia bei ya unga itapanda" anapokeza maneno ya watu. Hazina ya masafa huhitaji kusikia kwa aina ya kwanza, ilhali mawasilisho mengi ni ya aina ya pili yaliyovishwa nguo za kwanza. Chanzo kikuu cha mkanganyiko huu ni leseni. Tume ya Mawasiliano ya Marekani huziweka wazi leseni za masafa, na yeyote anaweza kuzisoma. Hata hivyo, leseni huonyesha kilichoruhusiwa tu. Idara inaweza kupewa masafa kumi ikatumia matatu, au ikahamia mtambo mwingine huku leseni ya zamani ikiendelea kuwa hai. Anayenakili leseni na kuiwasilisha kana kwamba alisikiliza hajakosea tarakimu hata moja, lakini amempa mwenzake chaneli ya kimya. Inafaa basi kila wasilisho liseme waziwazi: haya yalisikika, na yale yamenukuliwa kutoka leseni.

Tarakimu nazo zina hila zake. Hadi tarehe 1 Januari 2013, watumiaji wengi wa redio za kazi nchini humo walitakiwa kupunguza upana wa chaneli zao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5. Katika ukanda wa megahezi 150, masafa mengine hupangwa kwa hatua za kilohezi 7.5, kama vile 155.7525. Skana za zamani zinazopanda kwa hatua za kilohezi 5 haziwezi kuyaonyesha masafa hayo, zitaonyesha 155.750 au 155.755, na sauti itasikika vizuri tu. Msikilizaji ananukuu kwa uaminifu kile alichokiona kwenye kioo, nacho si sahihi. Kwa sababu hiyo, aina ya kipokezi kilichotumika ni sehemu ya ushahidi, wala si pambo.

Kuna udanganyifu mwingine ulio mkubwa zaidi. Vipokezi vingi hubadilisha mawimbi yanayoingia kuwa masafa ya kati, kwa mfano megahezi 10.7, na hivyo huweza kupotoshwa na kituo kilicho umbali wa mara mbili ya kiasi hicho. Rubani anayezungumza katika 124.0 anaweza kusikika kwenye kipokezi kilichowekwa 145.4, mahali ambapo hayupo kabisa. Hicho ni kivuli cha sauti yake. Tiba ni kusikiliza kwa kipokezi cha pili chenye muundo tofauti. Kivuli kitatoweka, na kituo halisi kitabaki.

Penye utajiri mkubwa wa maelezo ni kwenye toni. Redio nyingi za kazi hutuma, pamoja na sauti ya msemaji, toni ya chini iliyo kati ya hezi 67.0 na 254.1, ambayo kipokezi huichuja isimfikie msikilizaji. Toni hiyo ndiyo hutenganisha watumiaji wanaogawana masafa yale yale. Masafa ya 154.280, kwa mfano, yametengwa kwa ajili ya wazimamoto wa idara mbalimbali kusaidiana kote nchini Marekani. Kuyaandika peke yake hakumwambii mtu ni nani anayesema. Kule California, idara ya misitu na moto hutumia masafa machache kwa jimbo zima, na mitambo ya kurudisha mawimbi iliyo juu ya milima huchaguliwa kwa toni. Wakati wa moto wa misituni, mkazi wa bondeni anayetaka kujua moto unaelekea wapi hana muda wa kubahatisha. Aidha, kwa kawaida leseni haitaji toni. Haya ni maarifa ambayo sikio pekee huweza kuyatoa, na ndiyo sababu wasilisho lenye toni iliyothibitishwa hushinda kurasa nzima za leseni zilizonakiliwa.

Maelezo ya matumizi pia yahitaji uangalifu wa lugha. Neno "zimamoto" halitoshi. Je, ni chaneli ya kuwaita wazimamoto kutoka kituoni, au ni ile wanayozungumzia wakiwa tayari kwenye moto? Msikilizaji makini huandika alichosikia: majina ya barabara, nambari za magari, saa na siku. Jina la barabara hupatikana kwenye ramani, na ramani huonyesha kaunti. Kwa namna hii msimamizi asiyekuwepo hupewa njia ya kukagua, badala ya kuombwa aamini tu.

Mifumo mipya ya kidijitali, ambamo vikundi vingi vya mazungumzo hugawana masafa chini ya chaneli moja ya kudhibiti, hudai zaidi: nambari ya mfumo, nambari ya kila kikundi, na iwapo mazungumzo yamesimbwa. La mwisho hubadilika upesi. Polisi wa jiji la New York walianza kusimba mawasiliano yao mwaka wa 2023, na rekodi zilizokuwa sahihi zikawa za kihistoria. Sheria nayo ina mipaka yake, na kila nchi ina yake. Hata Marekani, tangu mwaka wa 1994 ni marufuku kuunda au kuingiza skana zinazonasa masafa ya simu za mkononi.

Linalosahauliwa mara nyingi ni kuripoti kimya. Rekodi iliyokufa ni vigumu kuiondoa kuliko kuingiza mpya, maana sauti moja huthibitisha kuwa masafa yanatumika, lakini saa moja ya ukimya haithibitishi chochote. Huenda hakuna aliyekuwa na la kusema. Ripoti yenye uzito husema masafa yalisikilizwa kwa majuma mangapi, mchana na usiku, kutoka mahali gani, kwa antena ipi, na kwamba watumiaji wale wale walisikika wakati huo huo katika masafa mengine.