Kunoa Mnyororo wa Msumeno kwa Tupa

Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chenso, ukiwa na makali mema hutema vibanzi vinene. Ukianza kutema unga laini mfano wa unga wa mahindi, hiyo ni dalili kwamba meno yake yamekuwa butu. Mkataji asiyeijua dalili hiyo huukandamiza msumeno kwa nguvu za mikono. Injini hupata moto, mafuta huteketea bure, na mtu mwenyewe huchoka mapema. Naye aliyechoka ana shida kuidhibiti mashine ambayo mnyororo wake hukimbia kwa kasi inayofikia mita 20 hivi kwa sekunde. Kugusa mchanga kwa nukta chache tu kwatosha kuyaharibu makali hayo.

Ili kufahamu namna ya kunoa, yafaa kwanza kulitazama jino lenyewe. Hadi miaka ya 1940 meno ya minyororo mingi yaliiga yale ya msumeno wa mkono, nayo yaliukwaruza mti kuliko kuukata. Mnamo mwaka 1946 Joseph Cox, mkata magogo wa jimbo la Oregon huko Marekani, alimwona buu wa mbawakawa akitafuna shina kwa taya zake, mara kushoto, mara kulia. Aliliiga umbo la taya hizo kwa chuma, na mwaka uliofuata akaanza kuuza minyororo ya aina hiyo. Minyororo ya leo ni uzao wa wazo lile: jino moja huelekea kushoto, linalofuata huelekea kulia.

Kila jino lina sehemu mbili. Nyuma pana kisu kilichopinda, chenye makali ya juu yanayouinua ubanzi na makali ya ubavuni yanayoukata kando. Mbele yake pana kinundu kisichokata kitu. Kinundu hiki ndicho kinachoamua kisu kizame kiasi gani katika mti, kwa kuwa kiko chini ya ncha ya kisu kwa tofauti ndogo sana, kwa kawaida kama milimita 0.65. Unene wa ubanzi hutokana na tofauti hiyo.

Kisu hunolewa kwa tupa ya duara. Unene wa tupa si jambo la kubahatisha, maana ndio unaochora mpindo wa makali. Mnyororo wenye hatua ya inchi 0.325 hutaka tupa ya milimita 4.8, na ule wa inchi 0.404 hutaka tupa ya milimita 5.5. Hatua hupatikana kwa kupima umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana, kisha kuugawa kwa mbili. Tupa ikishika mahali pake, sehemu moja ya tano ya kipenyo chake huonekana juu ya jino. Ikizama zaidi ya hapo, makali huwa membamba mno na huvunjika upesi. Ikipanda zaidi, jino huteleza juu ya mti pasipo kuuma.

Pembe ya kushikia tupa nayo hutajwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya nyuzi 25 na 35. Hapa ndipo vielekezi vinapofaa. Kilicho rahisi kabisa ni kibati kinachofungwa juu ya tupa, kilichochorwa mistari ya pembe. Kibati hukaa juu ya jino na kuizuia tupa isizame. Kingine kina vigurudumu viwili ambavyo tupa hupita juu yake. Cha tatu ni fremu inayofungwa kwenye bapa la msumeno, nayo hushika pembe na kimo kwa pamoja. Fremu ni sahihi kuliko vyote, lakini kuifunga huchukua muda, na porini kibati hutosha.

Injini huzimwa kwanza, glavu huvaliwa, na bapa hubanwa kwa jiliwa au katika mwanya uliokatwa kwenye kisiki. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, na huinuliwa wakati wa kurudi, kwa sababu hukata upande mmoja tu. Meno ya upande mmoja humalizwa yote kabla ya kugeukia ya pili, kila moja kwa idadi ileile ya misukumo. Meno ya kushoto yakibaki marefu kuliko ya kulia, msumeno hupinda kuelekea kushoto, na hakuna nguvu ya mkono itakayounyoosha. Kwa hiyo jino fupi kuliko yote ndilo kipimo cha mengine.

Lipo jambo ambalo wanoaji wengi hulisahau. Mgongo wa jino huteremka kuelekea nyuma. Basi kila linolewapo, ncha yake hushuka kidogo. Kinundu kisiposhushwa nacho, kitafika wakati ambapo jino kali kama wembe halikati kitu. Hivyo, baada ya kunoa mara kadhaa, bamba la kupimia huwekwa juu ya meno, na sehemu ya kinundu inayochomoza huondolewa kwa tupa bapa, kisha pembe yake ya mbele huviringwa.

Kukishusha kupita kiasi ni kosa la hatari zaidi. Tofauti ikifikia milimita 1.3, kila jino hudai ubanzi wenye unene maradufu. Msumeno hutetemeka, na ncha ya bapa ikigusa gogo, mashine yaweza kuruka nyuma kumwelekea mkataji kabla hajawahi kuondoa kichwa chake. Kinundu kilichokatwa hakirudishiki, isipokuwa kwa kunoa visu vyote hadi vilingane nacho.

Meno mengi huchorwa alama ya kikomo upande wa nyuma. Tupa ikiifikia alama hiyo, mnyororo hutupwa.