Jinsi Ukaribu wa Sauti za Maneno Unavyopimwa katika Lugha za Toni

Tangu mwaka 1973 Serikali ya Hong Kong imekuwa ikiuza kwa mnada namba maalumu za magari, na mapato yake hupelekwa katika mfuko wa bahati nasibu unaogharamia huduma za ustawi wa jamii. Mwaka 1994 namba 9 ilinunuliwa kwa Dola za Hong Kong milioni 13, na mwaka 2008 namba 18 ikafikia milioni 16.5. Bei hizo zina chanzo cha kilugha. Katika Kikantoni, lugha ya wakazi wengi wa huko, “tisa” hutamkwa sawasawa na neno lenye maana ya kudumu, na “nane” hukaribiana na neno la kustawi. “Nne” nayo hukaribiana na neno la kifo, ndiyo maana baadhi ya majengo hayana ghorofa ya 4 wala ya 14.

Namna ya kupima ukaribu huo si suala la wanunuzi wa namba pekee. Hutegemewa pia na mashine zinazogeuza mazungumzo kuwa maandishi, na na watumishi wanaotafuta jina la mwananchi katika kumbukumbu.

Kikantoni kina toni sita. Silabi “si”, ikitamkwa kwa toni hizo kwa mfuatano, huweza kumaanisha shairi, historia, kujaribu, wakati, soko na jambo. Kiswahili hakitumii toni kutofautisha maneno, ingawa lugha nyingine za Kibantu, kikiwamo Kihaya, zinazitumia. Kilicho karibu nazo ni mkazo, unaotenganisha barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa.

Mwaka 1965 mwanahisabati wa Kisovieti, Vladimir Levenshtein, alieleza kipimo ambacho hadi leo kinatumika sana: idadi ndogo kabisa ya herufi zinazopaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Kwa Kikantoni, kipimo hicho huweza kutumika juu ya Jyutping, mfumo wa herufi za Kilatini uliotolewa mwaka 1993 na Chama cha Isimu cha Hong Kong, ambao huweka tarakimu ya toni mwishoni mwa silabi. Nne ni sei3 na kifo ni sei2; nane ni baat3 na kustawi ni faat3. Kila jozi hupata umbali wa 1. Tisa na kudumu, yote gau2, hupata 0.

Hadi hapo hesabu inaridhisha, lakini upungufu wake hujitokeza haraka. Neno “mimi” ni ngo5, na wasemaji wengi hulitamka o5. Kipimo huhesabu umbali wa 2 ilhali msikilizaji husikia neno lilelile. Kwa upande mwingine, toni ya juu kabisa na ile inayoshuka hadi chini huhesabiwa tofauti ya 1 tu, sawa na toni zinazofanana.

Njia bora zaidi ni kugawa silabi katika konsonanti ya mwanzo, sehemu inayofuata na toni, kisha kila sehemu kupewa uzito wake. Kwa toni, ipo ngazi ya viwango vitano iliyobuniwa mwaka 1930 na mwanaisimu Yuen Ren Chao. Toni ya 1 huanza 5 na kuishia 5. Ya 4 huanza 2 na kuishia 1. Jumla ya tofauti zao ni 7. Toni ya 2 hupanda kutoka 2 hadi 5, na ya 5 kutoka 2 hadi 3. Tofauti ni 2 tu, na kweli baadhi ya vijana wa Hong Kong huzichanganya hizo mbili. Hata hivyo, uzito wa kuaminika zaidi hutokana na makosa halisi ya wasikilizaji. Aidha, uzito hutegemea kazi: mzaha wa maneno husamehe toni, mashine ya kuandika mazungumzo haiwezi.

Yapo pia maneno ambayo sikio haliwezi kuyatenganisha. Koo mbili kubwa huitwa Wong, kwa toni ileile ya 4, lakini kila moja ina alama yake ya maandishi ya Kichina. Kwa sababu hiyo kitambulisho cha Hong Kong huonesha, pamoja na jina la Kichina, namba ya tarakimu nne kwa kila alama ya jina hilo.